Karatasi Mbili Jikoni Kangemi

Kwenye mlango wa friji ya mamangu, Kangemi, kumebandikwa karatasi mbili. Ya kwanza ameishi nayo miaka tisa, tangu apatikane na kisukari cha aina ya pili: ugali wa wimbi, maharagwe, sukuma wiki nusu sahani. Ya pili alipewa alipotoka wodini baada ya kukatwa kipande cha utumbo mpana: wali mweupe, mkate mweupe, viazi vya kumenya, githeri na mboga za majani marufuku.

"Sasa nimtii nani?" aliniuliza. "Wa sukari au wa kisu?"

Karatasi zote mbili zinasema kweli. Nyuzinyuzi huchelewesha sukari kuingia damuni. Lakini utumbo ulioshonwa juzi huwa umevimba na njia yake imebana. Kikonyo cha sukuma chaweza kukwama. Ila karatasi ya pili ina mwisho: kwa wengi ni wiki nne hadi sita, kisha nyuzinyuzi hurudishwa kidogo kidogo. Hakuna aliyemweleza hilo, na bado linaniuma. Natamani kila mgonjwa wa namna hii aonane na mtaalamu wa lishe mmoja, karatasi zote mbili zikiwa mezani.

Sahani ya kwanza ya wali ilipandisha kipimo cha sukari hadi 13.8 mmol/L baada ya saa mbili. Tukapunguza wali ukawa kiasi cha ngumi yake, tukauongezea yai la kuchemsha, au tilapia wa City Market aliyetolewa miiba, na malenge yaliyoiva hadi kupondeka kwa uma. Kipimo kikasoma 9.1. Alikula mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Protini husaidia kidonda kufunga. Sukari ikipanda, kidonda huchelewa kupona.

Wageni walileta juisi za pakiti na glukosi, kwa upendo. Tulizirudisha kabatini. Sukari ikishuka chini ya 4, vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji vinatosha. Na dozi ya dawa tulimuachia daktari, maana anayekula kidogo akimeza au kujidunga dozi ileile anaweza kuzirai.

Wiki ya saba alinituma sokoni: terere, majani matupu, ya shilingi ishirini. Mama mboga aliikatakata nyembamba kama uzi. Mama akala vijiko viwili, akasubiri. Kesho yake akala vitatu.