Mbavu za nguruwe: Kwa nini moto mdogo wa saa nane hulainisha kuliko moto mkali wa saa moja

Mbavu za nguruwe ni sehemu tamu, lakini pia ni rahisi kuziharibu. Ukiziweka juu ya mkaa mkali, nje huungua huku nyama iliyoshika mfupa ikibaki ngumu, pengine hata mbichi. Ukizichemsha harakaharaka, unatafuna mpaka taya zinauma.

Ndiyo maana wasikilizaji wetu kadhaa wametuuliza kuhusu chungu cha umeme cha kupikia polepole. Je, ni kweli kinalainisha mbavu mpaka nyama inaachia mfupa? Joto lake dogo linaua vijidudu na minyoo ya tegu? Na umeme ukikatika katikati ya mapishi, nyama inaliwa au inatupwa?

Hapa tunajibu maswali hayo moja baada ya jingine. Kwa wale wasiokula kitimoto, kanuni ya kulainisha ni ileile kwa mbavu za ng'ombe au mbuzi. Kinachobadilika ni muda tu.

Chungu hiki kinafanyaje kazi?

Ni chungu kizito cha udongo wa kauri, kinachokaa ndani ya kasha lenye nyaya za kupasha joto. Nyaya hizo hupasha pande zote za chungu badala ya kuunguza kitako peke yake, na mfuniko huzuia mvuke usitoke. Kwa kawaida kina ngazi mbili za moto, mdogo na mkubwa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko umeme. Irving Naxon, mvumbuzi wa Chicago nchini Marekani, alisikia kutoka kwa mama yake jinsi Wayahudi wa Vilnius, Lithuania, walivyopeleka vyungu vya maharage na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla ya jua kuzama. Tanuri lilikuwa likipoa taratibu usiku kucha, na chakula kilikuwa tayari siku ya Sabato, siku ambayo hawaruhusiwi kuwasha moto. Naxon alipata hataza ya chungu chake cha umeme mwaka 1940. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake na mwaka 1971 ikakitoa sokoni kwa jina la Crock-Pot.

Yeyote aliyewahi kuacha chungu cha maharage kwenye mafiga yenye makaa usiku analielewa wazo hili bila kuelezwa.

Kwa nini mbavu huwa ngumu?

Nyama ina vitu viwili vinavyopokea moto kwa namna tofauti. Cha kwanza ni nyuzi za msuli zenyewe. Hizi huiva mapema. Joto likifika kati ya nyuzijoto 60 na 70 za Selsiasi, hujikunja na kukamua maji yake. Hapo nyama imeiva, lakini imekaza.

Cha pili ni utando na mishipa myeupe inayofunga nyuzi hizo na kuzishikiza kwenye mfupa. Imejengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Mbavu hufanya kazi kila mnyama anapovuta pumzi, hivyo zina kolajeni nyingi. Kolajeni huanza kuyeyuka vizuri joto likipita nyuzijoto 70, na hugeuka kuwa jelatini, ule utelezi unaoufanya mchuzi wa kongoro ugande ukipoa. Lakini kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Huwezi kuiharakisha kwa kuongeza mkaa, kwa sababu moto mkali unaendelea kukamua nyuzi kabla utando haujapata muda wa kuyeyuka.

Ndiyo maana mbavu za saa moja huwa ngumu kuliko za nusu saa, na za saa tano huwa laini kuliko zote. Katikati kuna kipindi ambacho mpishi hudhani ameshaharibu, kumbe hajamaliza.

Nyama ya kitimoto inayokaangwa kwenye vibanda vyetu hukwepa tatizo hili kwa njia nyingine: hukatwa vipande vidogo, nyuzi zikawa fupi, kisha huiva kwenye mafuta yake. Mbavu nzima haziwezi kufanyiwa hivyo.

Joto lake ni dogo kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Neno "polepole" linawafanya wadhani chungu hiki ni cha uvuguvugu. Sivyo. Kikiwa kizima, ngazi zote mbili huishia karibu na kiwango cha kuchemka. Tofauti ni kwamba moto mkubwa hufika huko mapema na moto mdogo huchelewa.

Kwa wakazi wa nyanda za juu kuna jambo la kuongeza. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Mbavu bado zitalainika, ila ongeza saa nzima juu ya muda unaosoma kwenye vitabu vya mapishi vilivyoandikwa kwa watu wa pwani.

Tuje kwenye usalama. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri kipande kizima cha nguruwe kifikie nyuzijoto 63 katikati, kisha kipumzike dakika tatu. Nyama ya kusaga inapaswa kufika 71. Mbavu zilizopikwa mpaka mfupa unaachia zimepita viwango hivyo mbali sana. Kwa hiyo hatari haipo mwishoni mwa mapishi. Ipo mwanzoni, wakati nyama bado inapita kati ya nyuzijoto 5 na 60, joto ambalo bakteria hulipenda kuzaliana. Njia hiyo inapaswa kupitwa haraka.

Kwa hiyo:

- Usiweke nyama iliyoganda. Iyeyushe kwanza ndani ya friji, usiku kucha.
- Usiache nyama mbichi kwenye chungu kilichozimwa ili uje kukiwasha baadaye.
- Anza na moto mkubwa kwa saa ya kwanza, kisha shusha.
- Usijaze chungu zaidi ya theluthi mbili.
- Usifunue mfuniko kila mara kuchungulia. Kila ukifunua unaweza kuongeza dakika 20 hivi kwenye mapishi.

Vipi kuhusu tegu?

Swali hili lina uzito wake, kwa sababu tegu wa nguruwe yupo nchini. Watafiti wamemkuta katika nguruwe wa maeneo kama Mbozi na Mbulu, hasa wale wanaoachwa kuzurura na kula kinyesi cha binadamu.

Ni vizuri kuelewa mzunguko wake, kwa sababu mara nyingi huelezwa kwa makosa. Mtu anayekula nyama yenye vifuko vya tegu ikiwa haijaiva hupata mnyoo tumboni. Mnyoo huyo hutoa mayai yanayotoka na choo. Anayemeza mayai hayo, kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, ndiye anayeweza kupata vifuko kwenye ubongo wake mwenyewe, na matokeo yake mara nyingi ni kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambako tatizo hili limeota mizizi, tegu huyu ndiye chanzo cha asilimia 30 ya visa vya kifafa.

Maana yake ni kwamba nyama mbichi iliyoliwa na mtu mmoja inaweza kumdhuru jirani ambaye hajawahi kugusa kitimoto maishani.

Kupika mpaka nyama ilainike huua vifuko hivyo. Hata hivyo ulinzi wa kwanza ni buchani. Nunua nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Ukiona vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, kama punje za mchele au njegere katikati ya nyuzi, usiipike kwa matumaini kwamba moto utamaliza yote. Iache na umtaarifu afisa mifugo. Na ubao, kisu na mikono vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kachumbari.

Namna ya kupika kilo mbili

Kipimo hiki kinatosha chungu cha lita 5 au 6.

Geuza mbavu upande wa mifupa. Utaona utando mwembamba unaong'aa. Huu haulainiki vizuri, na huzuia viungo visiingie. Ingiza ncha ya kisu chini yake kwenye kona, ushike kwa kitambaa kikavu na uvute. Mara nyingi hutoka mzima. Kisha kata mbavu katika mafungu ya mifupa mitatu au minne.

Changanya vijiko vidogo 2 vya chumvi, vijiko vikubwa 2 vya sukari guru iliyopondwa, kijiko kidogo 1 cha pilipili manga na kijiko kidogo 1 cha binzari nyembamba. Ongeza kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Paka pande zote. Ukiweza, acha kwenye friji usiku mmoja.

Katakata vitunguu maji viwili na kuvitandaza chini ya chungu. Simamisha mbavu juu yake zikiegemea ukuta, upande wa nyama ukitazama nje. Mimina nusu kikombe tu cha maji, kwa sababu mvuke hautoki na nyama yenyewe itatoa maji mengi. Ukijaza maji utapata supu, si mbavu.

Pika saa moja kwenye moto mkubwa, kisha saa 6 hadi 7 kwenye moto mdogo. Mwenye haraka anaweza kutumia moto mkubwa mwanzo hadi mwisho, saa 4 hivi. Ili kujua kama ziko tayari, shika mfupa mmoja kwa uma na uuzungushe. Ukizunguka bila kubisha, zimeiva.

Chungu hakina moshi wala hakikaushi, kwa hiyo mbavu zitatoka zimepauka. Engua mafuta yanayoelea juu ya mchuzi. Chukua nusu kikombe cha mchuzi huo, ongeza vijiko vikubwa 4 vya nyanya ya kopo, vijiko vikubwa 3 vya siki, vijiko vikubwa 3 vya sukari guru na pilipili kichaa kwa kadiri unavyoweza. Chemsha mpaka iwe nzito. Paka mbavu sosi hiyo na uziweke juu ya wavu wa jiko la mkaa, mkaa ukiwa umeshika majivu meupe, dakika 5 kila upande. Sosi hii haiwekwi mapema kwa sababu sukari huungua kabla nyama haijaiva.

Gharama ya umeme haitishi. Vyungu vingi vya ukubwa huu vina wati 200 hadi 300. Chungu cha wati 250 kikiwaka saa 8 mfululizo hutumia uniti 2 za LUKU.

Umeme ukikatika?

Kama upo nyumbani na mbavu hazijaiva, usingoje. Zihamishie kwenye sufuria na umalizie kwa gesi au mkaa mara moja.

Kama zilikuwa zimeshaiva kabisa umeme ulipokatika, zinaweza kukaa ndani ya chungu kwa saa mbili, si zaidi.

Kama hukuwepo na hujui umeme ulikatika kwa muda gani, ushauri wa wataalamu ni mchungu: tupa, hata kama nyama inaonekana imeiva. Wengi hudhani kuichemsha upya kutaiokoa. Lakini baadhi ya bakteria, wakishazaliana kwenye chakula cha uvuguvugu, huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiharibu. Bakteria wanakufa na sumu inabaki.

Angalia pia aina ya chungu chako. Chenye kitufe cha kuzungusha huwaka chenyewe umeme ukirudi, hivyo unaweza kurudi kazini jioni ukikuta kina moto bila kujua kilipoa saa tatu. Vingi vyenye vitufe vya kielektroniki hubaki vimezimika. Saa ya umeme iliyochomekwa ukutani karibu nacho itakusaidia: ikikutwa inawakawaka, ujue umeme ulikwenda. Katika kipindi cha mgao, pika mbavu siku unayoshinda nyumbani.

Kama huna chungu hiki

Sufuria zito lenye mfuniko unaobana linatosha. Chemsha mara moja, kisha punguza mkaa mpaka uone mapovu machache yakipanda mojamoja, na uache saa mbili na nusu hivi, ukiongeza maji moto kidogo yakipungua. Kwenye oveni, funika trei kwa karatasi ya foili na uache kwenye nyuzijoto 150 kwa saa tatu. Presha kuka hufanya kazi hiyo kwa dakika 30, kwa kuwa ndani yake joto hupita nyuzijoto 110, na wakazi wa milimani ndio wanaofaidika nayo zaidi.

Zikibaki, ziingie kwenye friji ndani ya saa mbili na ziliwe ndani ya siku tatu. Kupasha moto ni kazi ya sufuria, kwa sababu chungu cha polepole huchelewa mno kukivusha chakula baridi kwenye joto la hatari.

Kumbuka tu kwamba muda ndio unaolainisha mbavu, na joto la kutosha ndilo linalokulinda. Kimoja hakiwezi kuziba pengo la kingine.