Kufundisha Mapishi kwa Njia ya Sababu: Somo la Supu Nzito ya Nyama na Viazi

Mwalimu wa mapishi aingiapo darasani, mara nyingi huanza kwa kuandika ubaoni orodha ya mahitaji na hatua za kupika. Wanafunzi hunakili, na kipindi kikaisha. Juma linalofuata huulizwa kuitaja orodha ile, na yule aitajaye bila kukosea huhesabiwa kuwa amelijua somo. Lakini kupika si kukariri. Mwanafunzi aliyekariri kwamba supu huhitaji viazi mviringo hukwama siku viazi hivyo visipopatikana. Aliyefahamu kazi ya kiazi ndani ya supu hutazama kilichomo jikoni, akachagua kifaacho na kuendelea. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi chakula kimoja, yaani supu nzito ya nyama ya ng'ombe na viazi iliyotiwa tui la nazi, kinavyoweza kufundishwa kwa kuuliza sababu ya kila hatua. Mfano wetu ni wa shule iliyo Kiranjeranje, lakini njia yenyewe yaweza kufuatwa popote.

Mazingira ya somo

Kata ya Kiranjeranje imo wilayani Kilwa, kusini mwa Nangurukuru, kwenye barabara kuu iendayo Lindi. Wakulima wa sehemu hizo hulima muhogo, mtama, mahindi na ufuta, na nazi ni kitu cha kila siku katika mapishi ya pwani. Viazi mviringo havistawi katika joto la huko. Hupandwa katika nyanda za baridi kama Njombe na Mbeya, na hufika pwani kwa malori. Bei yake, kwa hiyo, hubeba pia gharama ya safari.

Nyama ya ng'ombe nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi mbung'o waliwafanya ng'ombe wawe wachache katika wilaya hiyo, na kitoweo kilichozoeleka zaidi kilikuwa samaki. Mnamo mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu walielekezwa mikoa ya kusini, wakiwamo waliofika Kilwa na mifugo yao. Tangu hapo darasa moja laweza kuwa na mtoto ajuaye sana nazi na mtoto ajuaye sana ng'ombe. Ugomvi wa mashamba na malisho umetokea baina ya wazazi wa pande hizo mbili, na watoto hawakosi habari zake. Mwalimu hana haja ya kuhutubia juu ya jambo hilo. Yatosha apange vikundi vyake kwa namna ambayo kila mtoto atakuwa na la kumfundisha mwenzake: mmoja aonyeshe namna ya kukamua tui, mwingine aeleze ni kipande gani cha nyama kinachohitaji moto wa muda mrefu.

Mahitaji

Kwa watu 8 yatosha nyama yenye mifupa kilo 1, viazi kilo 1, nazi 2, vitunguu 2, nyanya 2, kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, pilipili manga, chumvi, ndimu 1 na maji lita 2 na nusu. Vyombo ni sufuria au chungu kikubwa chenye kifuniko, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu au chujio, kinu kidogo, mwiko na upawa.

Hatua na sababu zake

Hatua ya kwanza ni nyama. Ikatwe vipande vya ukubwa wa kiasi, itiwe katika maji baridi pamoja na mifupa yake, kisha ichemshwe na povu liondolewe. Baada ya hapo moto upunguzwe, maji yawe yanatokota taratibu kwa muda wa saa 2 hivi, sufuria ikiwa imefunikwa. Hapa ndipo swali la kwanza lilipo: kwa nini tusiongeze moto ili nyama iive upesi? Nyama ya shingo, ya mguu na ya kidari ina nyuzi nyingi nyeupe zinazoshikanisha misuli. Nyuzi hizo, ambazo wataalamu huziita kolajeni, hugeuka polepole kuwa jelatini zikikaa katika maji ya moto kwa muda mrefu. Jelatini ndiyo ifanyayo supu ishike midomo kidogo na kuganda ikipoa. Moto mkali haufupishi sana kazi hiyo. Hukamua maji yaliyomo katika misuli, nyama ikawa kavu, na supu ikapungua bure. Hivyo kipande cha bei nafuu ndicho kifaacho zaidi kwa supu, na jambo hilo ni faraja kwa mwenye fedha kidogo.

Hatua ya pili ni viazi. Vimenywe, vikatwe, na vitiwe pamoja na vitunguu, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, nyama ikiwa imekwisha lainika. Vikitiwa tangu mwanzo vitavurugika kabla nyama haijaiva. Baada ya dakika 20 au 25 huwa vimeiva. Theluthi moja yake itolewe, ipondwe katika kinu hata iwe laini, kisha irudishwe sufuriani. Uzito wa supu hutoka hapo: chembe za wanga zikipata maji na joto hunywa maji, huvimba, na kuyafanya mazito. Nyanya na ndimu zingoje mpaka viazi viwe laini, kwa maana ukali wake huzuia viazi visilainike upesi.

Hatua ya tatu ni tui. Nazi ikunwe, ikamuliwe kwa maji kidogo ya vuguvugu ili kupata tui zito, yaani kasimile, nalo liwekwe kando. Chicha itiwe maji tena na kukamuliwa mara ya pili kupata tui jepesi. Tui jepesi litiwe pamoja na viazi. Kasimile litiwe mwishoni, moto ukiwa mdogo, huku supu ikikorogwa na kutekwa kwa upawa mpaka ianze kutokota. Kila mpishi wa pwani hujua kwamba tui laweza kukatika, lakini si kila mmoja huambiwa sababu. Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakizuiwa na protini yasiungane. Moto mkali wa muda mrefu huiharibu protini hiyo, mafuta yakajikusanya juu, na supu ikapoteza ule ulaini wake. Basi mkono unaokoroga hauna uchawi. Unalieneza joto na kuyatawanya matone.

Kubadili kitu kwa kitu

Sababu zikieleweka, kubadili mahitaji huwa jambo rahisi. Pasipo viazi mviringo, muhogo mtamu utafanya kazi ile ile, kwa kuwa nao una wanga mwingi. Umenywe vizuri, uoshwe, uzi wa katikati utolewe, na uchemshwe hata uive kabisa. Muhogo mchungu usitumiwe katika supu kamwe, maana una sumu ya sianidi ambayo kuchemsha kwa muda mfupi hakuiondoi vya kutosha. Viazi vitamu navyo hufaa, ila huiva upesi na huleta utamu. Kwa hiyo vitiwe baadaye, na pilipili manga iongezwe. Pasipo nazi, maziwa ya ng'ombe yaweza kutiwa mwishoni kwa moto mdogo, lakini ndimu iachwe, kwani maziwa yakikutana na ukali huganda.

Kuugawa wakati

Ugumu mkubwa wa somo hili ni saa. Kipindi kimoja ni dakika 40, na hata vipindi viwili vilivyoungana havitoshi kuivisha nyama. Walimu wengi huliacha somo kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kuligawa. Kikundi cha zamu kibandike nyama asubuhi, kikiusimamia moto kwa kupokezana. Vipindi viwili vilivyoungana vitumike kwa viazi na tui, ambavyo ndivyo vyenye mambo mengi ya kuangaliwa. Mwezi wa Ramadhani somo la vitendo lisipangwe mchana. Wakati huo yafundishwe majaribio yasiyohitaji kuonja.

Majaribio mawili yanafaa. La kwanza, vipande vya kiazi vilivyo sawa vichemshwe katika vyombo viwili, kimoja kikiwa na maji ya ndimu, na wanafunzi wavichome kwa kijiti kila baada ya dakika 5 na kuandika waonacho. La pili, tui la nazi moja ligawanywe sawasawa: nusu ichemshwe kwa moto mkali bila kukorogwa, nusu kwa moto mdogo ikikorogwa. Wanafunzi waeleze tofauti kabla mwalimu hajasema neno.

Mwanafunzi asiye na cha kuleta

Desturi ya kumwagiza kila mwanafunzi alete kitu ina hatari ambayo mwalimu asiidharau. Mtoto ambaye kwao hapana fedha ya nyama hubaki nyumbani siku ya mapishi, na hivyo somo lililokusudiwa kumsaidia yeye hasa likampita. Afadhali chungu kimoja cha darasa kuliko vyungu sita vya walionacho. Nyama ipatikane kwa mapato ya shule au kwa michango isiyotangazwa. Wanafunzi waagizwe vile ambavyo nyumba nyingi zinavyo, kama vile kuni, muhogo au nazi moja kwa kikundi. Na asiye na kitu apewe kazi ya heshima, kama kutunza moto au kuandika matokeo. Wavulana nao wasiachiwe kuteka maji tu, bali wapike. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imtayarishe kijana kwa maisha ya jamii yake. Somo linalomwonea haya mtoto kwa umaskini wa kwao haliwezi kufanya hivyo.

Tathmini

Maksi zisitolewe kwa ladha peke yake, wala kwa kuitaja orodha. Mwanafunzi aulizwe maswali kama haya: Nyama ni ngumu baada ya saa moja, utafanya nini? Supu imekuwa nyepesi na hakuna unga, utaizidishaje uzito? Una muhogo na maziwa, huna viazi wala nazi: utabadili hatua zipi, na kwa nini? Ajibuye vizuri maswali hayo ataweza kupika supu hii kwao kwa kile kilichopo, hata kama hakuwahi kununua kiazi mviringo.