Kilo kilo au mfuko: Hesabu ya faida iliyo jikoni

Mwekezaji mdogo anapotafuta pa kuweka akiba yake, aghalabu hutazama riba ya benki, hatifungani za serikali au hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni nadra kutazama jikoni kwake. Hata hivyo, kwa mtaji usiozidi laki moja, ni vigumu kupata mahali panapolipa kama tofauti iliyopo kati ya bei ya jumla na ya rejareja ya vyakula vya kila siku.

Chukua mfano wa kaya inayokula kilo 25 za mchele kwa mwezi. Tuseme duka la mtaani linauza kilo kwa Sh 3,000, na soko la jumla kama la Tandale linauza mfuko wa kilo 25 kwa Sh 65,000, yaani Sh 2,600 kwa kilo. Anayenunua kilo kilo atatumia Sh 75,000. Anayechukua mfuko, pamoja na Sh 2,000 za bodaboda, atatumia Sh 67,000. Amebakiza Sh 8,000 kwa mwezi, au Sh 96,000 kwa mwaka.

Fedha hizo zimezalishwa na mtaji wa Sh 67,000 tu, kwa sababu mtaji huo hutolewa mara moja. Kaya ikiendelea kuweka kando zile Sh 2,500 ambazo ingezipeleka dukani kila siku, mwisho wa mwezi itakuwa na Sh 75,000. Inanunua mfuko mwingine na chenji inabaki. Sh 67,000 hizo hizo zikiwekwa benki kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka zingeleta Sh 6,700, na hapo kodi ya zuio ya asilimia 10 inachukua Sh 670. Fedha iliyookolewa sokoni haikatwi kodi.

Si haki kumwita mwenye duka mlanguzi kwa sababu ya tofauti hiyo. Yeye ndiye ghala la mtaa mzima. Hulipa pango na leseni, hubeba hasara ya mzigo ulioharibika, na daftari lake la madeni halitozi riba. Bei ya kilo moja imebeba gharama zote hizo. Mteja anayelipa taslimu, asiyekopa hata siku moja, anawalipia pia wale wanaokopa.

Kwa nini basi wengi hawanunui kwa jumla? Sababu kubwa ni kwamba kipato cha siku hununua chakula cha siku, na Sh 67,000 hazipatikani kwa mpigo. Anayekimbilia mkopo wa simu ajihadhari: ukitozwa asilimia 10 kwa mwezi, Sh 6,700 zinakwenda kwa mkopeshaji na mnunuzi anabaki na Sh 1,300. Majirani watatu wakichangia mfuko mmoja na kuugawa kwa mizani hupata bei ileile bila deni.

Hatari ya pili imo ndani ya nyumba. Mfuko ukionekana umejaa, mpishi hupima kwa mkono mkubwa. Ukiisha siku tatu kabla ya mwezi kwisha, Sh 7,500 zimekwenda, na faida imebaki Sh 500. Nyanya na unga uliokobolewa vibaya havifai kabisa kulimbikizwa. Hata mchele una majira yake: mpunga wa Mbeya na Morogoro huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, hivyo kujaza stoo mwezi Aprili ni kununua kwa bei ambayo huenda ikashuka.

Kipimo nacho kitazamwe. Kopo lililobonyezwa kitako si kilo, hata muuzaji akiapa. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, huhakiki mizani za biashara, na mnunuzi ana haki ya kudai apimiwe kwa mizani iliyohakikiwa.

Kwenye burudani hesabu hugeuka, kwani huko kidogo kidogo mara nyingi ndiyo nafuu. Mpenzi wa soka anayetazama mechi 8 kwa mwezi katika kibanda umiza kwa kiingilio cha Sh 1,000 hutumia Sh 8,000. Kifurushi cha televisheni cha Sh 30,000 kitamlipa ikiwa tu watu wanne wa nyumba yake, yeye akiwemo, wangekwenda kibandani, kwani watu watatu wangetumia Sh 24,000 tu. Lakini kinachomaliza fedha kibandani si kiingilio. Soda mbili na chipsi kwa kila mechi, tuseme Sh 4,000, ni Sh 32,000 kwa mwezi, na kifurushi tayari kimelipika. Atakayekula nyumbani kwanza ndipo aende mpirani amebaki na hesabu ya Sh 8,000.