Mchezo wa Bakuli: Njia ya Kufundisha Ugawaji wa Maji

Maji ya milima ya Uluguru hunywesha bustani za mboga za Mgeta, huingia katika mabomba ya mji wa Morogoro, na kwa njia ya mto Ruvu hufika hata Dar es Salaam. Kila ayatumiaye ana sababu njema ya kuchota zaidi, na hapo ndipo penye utata. Elimu ichunguzayo mambo ya namna hii huitwa nadharia ya michezo. Msingi wake uliwekwa na John von Neumann na Oskar Morgenstern katika kitabu chao cha mwaka 1944. Wataalamu huitumia kugawa kazi miongoni mwa kompyuta nyingi zilizounganishwa. Mwalimu wa Darasa la Sita aweza kuifundisha kwa punje za mahindi.

Tia punje 20 katika bakuli, uwaite wanafunzi wanne. Katika kila duru, kila mmoja huandika kwa siri idadi atakayochukua, isiyozidi 5. Punje zilizobaki huongezwa maradufu, mfano wa mvua ijazayo chemchemi, ila zisipite 20. Wakichukua 2 kila mmoja, hubaki 12 na bakuli hujaa tena. Wote wakichukua 5, mchezo umekwisha. Lakini tazama: mmoja akichukua 5 na wenzake 2, hubaki 9, nazo huwa 18. Yeye amefaidi, na hasara haijaonekana. Kwa hiyo mtoto huyo asikaripiwe. Hesabu yake ni sahihi kwa duru moja.

Kisha ondoa siri. Wachote kwa zamu, wa kwanza akiwa mlimani, wa mwisho bondeni. Wa bondeni atalalamika. Mwache alalamike, na wenzake wamjibu, hata wajiwekee masharti. Hapa walimu wengi hukosea kwa kutoa sheria wenyewe. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kuwa watumiaji waweza kuitunza mali ya pamoja kwa sheria walizojitungia na kuzisimamia. Nao Waluguru, mwaka 1955, waliukataa mpango wa serikali ya kikoloni uliowashurutisha kuchimba matuta ya ngazi, ijapokuwa ulidaiwa kuhifadhi udongo wao.

Masharti yakikubaliwa, chezeni duru tano tena. Andika ubaoni hesabu za awali kando ya hizi mpya, na mtoto wa bondeni ndiye azisome.