Je, Wajua? Sheria Kali Inapokwenda Kombo

Je, wajua kwamba pale Namanga hatua chache tu zinabadilisha adhabu ya kosa lile lile? Wizi wa mabavu upande wa Kenya ni kunyongwa. Vuka mpaka uingie Tanzania: unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Na barabara ni hiyo hiyo moja inayopita Kitengela, Isinya na Kajiado!

Sogea karibu, msomaji wangu. Wajua kwamba kwa wizi wa mabavu si lazima mtu afe, wala bunduki ionekane? Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataka jambo moja tu kati ya haya: silaha ya hatari, au kumpiga mtu, au kuwa na mwenzako. Vijana wawili wakimkaba mtu usiku wakachukua simu yake, basi kitanzi kimeshatajwa.

Hapo ndipo pana maajabu yenyewe. Mshtakiwa wa mauaji hupelekwa Mahakama Kuu, na akikosa pesa za wakili, serikali humlipia. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu husikilizwa na hakimu, na wengi wamesimama kizimbani peke yao. Hebu mwone: kijana ambaye hajawahi kufungua kitabu cha sheria ndiye anayemhoji afisa wa polisi, na akikosea swali shingo ni yake. Kabla ya Katiba ya 2010 hata dhamana haikuruhusiwa. Hili linaniuma sana.

Unadhani basi wananyongwa? La! Mara ya mwisho kitanzi kutumika Kenya ilikuwa 1987, alipouawa Hezekiah Ochuka na wenzake wa jaribio la mapinduzi la 1982. Mahakama ziliendelea kutoa hukumu, wafungwa wakaendelea kujaa. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki akawaondolea kitanzi zaidi ya 4,000 kwa mpigo mmoja, akawapa kifungo cha maisha. Moja ya sababu zake itakushangaza: waliohukumiwa kifo hawakuwa wakifanya kazi yoyote gerezani!

Hesabu bado. Mwaka 2016, miaka 7 tu baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliwakuta wengine 2,747 wakingoja.

Na Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wajua alinyongwa kwa kosa gani? Si mauaji. Ni bastola moja na risasi 6! Sheria za hali ya hatari ziliifanya bunduki kuwa kosa la kifo, na wakoloni wakanyonga watu zaidi ya 1,000 wakitaka kuzima Mau Mau. Kimathi aliuawa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Tarehe hiyo hiyo mwaka 2007, sanamu yake ikazinduliwa Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake.

Tuje kwa dawa za kulevya. Sheria ya 1994 iliweka miaka 10 kwa msokoto wa bangi wa kuvuta mwenyewe, na kifungo cha maisha kwa walanguzi. Lakini ndugu wawili wa familia ya Akasha kutoka Mombasa walifungwa wapi? New York! Baktash alipewa miaka 25, Ibrahim 23.

Huko Marekani nako kuna vituko. Kwa sheria ya 1986, gramu 5 za kokeini ya kreki zilikuletea miaka 5 sawa na gramu 500 za kokeini ya unga. Mwaka 2004 Weldon Angelos wa Utah, aliyeuza bangi akiwa na bunduki, alipewa miaka 55. Siku hiyo hiyo, jaji huyo huyo alimpa muuaji miaka 22 hivi! Jaji mwenyewe alisema hukumu ya Angelos si ya haki, ila sheria ilimfunga mikono.

Uganda je? Mwaka 2009 wafungwa zaidi ya 400, Susan Kigula akiwa wa kwanza kwenye orodha, waliifanya Mahakama ya Juu ifute hukumu ya kifo ya lazima. Kigula alisomea sheria humo humo gerezani Luzira, kupitia Chuo Kikuu cha London.

Kenya ilifuata 2017 katika kesi ya Muruatetu: jaji si lazima tena amhukumu muuaji kifo. Shangilia kidogo, kisha sikiliza. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji pekee. Ndiyo kusema aliyeua anaweza kupewa miaka kadhaa akarudi kwao, na wale wawili waliopora simu, sheria bado imewaandikia adhabu moja tu.