Raba ya Ma Long haitakupa mkono wa Ma Long

Umeshapita hatua ya raketi ya supamaketi. Mtaani wanaijua sevu yako, klabuni umeanza kuwasumbua wakubwa, na mtu amekunong'oneza kwamba sasa unahitaji raba za maana. Unaingia mtandaoni, unaona bei, unakaa chini kwanza. Raba moja tu ya Butterfly Dignics inaweza kula doo kuliko raketi nzima uliyoanzia, na raketi ina pande mbili. Kabla hujatuma pesa, hebu tuongee.

Raba ya tenisi ya meza ni vitu viwili vilivyobandikwa pamoja: ngozi ya juu yenye vinundu, na sponji chini yake. Sheria za shirikisho la dunia, ITTF, zinasema unene wote pamoja na gundi usizidi milimita 4. Ngozi inaushika mpira, sponji inaumeza kisha inaurusha. Anayeanza huuliza ipi ina spidi. Wewe uliyeiva jiulize jambo lingine: je, mkono wangu una kasi ya kuuzamisha mpira ndani ya sponji hii kila mara, hata seti ya tano nikiwa nimechoka? Kama jibu ni "mara moja moja," hiyo raba si yako bado, hata kama wote wanaisifu.

Mbona raba za juu ni ngumu hivi? Zamani wachezaji walipaka gundi maalum kabla ya mechi. Sponji ilivimba, na mpira ukatoka kama risasi. Gundi hizo zilikuwa na kemikali hatari, na baada ya Olimpiki ya Beijing ya 2008 zikapigwa marufuku. Mwaka huo huo Butterfly ikaleta Tenergy 05, ambayo sponji yake ina mruko wa springi tangu kiwandani. Kisha 2014 mpira wa plastiki ukaanza kuchukua nafasi ya ule wa seluloidi. Mpira huo hauzunguki kama wa awali, kwa hivyo watengenezaji wakajibu kwa ngozi zinazoshika zaidi na sponji ngumu zaidi. Yaani raba nyingi za bei ya juu zimeundiwa mtu anayepiga kwa mwili mzima.

Kama mchezo wako ni kushambulia, una makundi matatu ya kuchagua.

La kwanza ni raba za springi, kama Tenergy 05 na Dignics 05. Ukigusa kidogo tu, mpira unaruka. Zinakuokoa ukichelewa au ukisukumwa mbali na meza. Lakini sevu ya mpinzani nayo inauma sana kwenye ngozi hiyo. Unajaribu kurudisha mpira mfupi, unapanda juu, unamalizwa.

La pili ni raba za Kichina zinazonata, na mfano unaojulikana zaidi ni DHS Hurricane 3. Kwenye sevu, mpira mfupi na lupu ya kwanza, hizi ni noma. Shida ni kwamba hazikupi kitu cha bure. Usipotumia miguu na kiuno, mpira unaishia wavuni.

La tatu ni chotara, kama Dignics 09C: ngozi inayonata kiasi juu ya sponji ya springi. Unapata udhibiti wa mpira mfupi bila kupoteza mruko wote, ila bado inataka mkono wenye nguvu.

Sasa usidanganywe na namba za ugumu. Tenergy 05 imeandikwa 36, Dignics 05 ni 40, Dignics 09C ni 44. Hizo unaweza kuzilinganisha kwa sababu ni kampuni moja. Lakini raba ya Kijerumani iliyoandikwa 47 inaweza kuwa karibu sawa na 36 ya Butterfly, na Wachina wana kipimo chao. Ukilinganisha namba za kampuni tofauti, ni kama kulinganisha saizi za viatu za nchi mbili bila kuvivaa.

Na kuhusu Ma Long? Jamaa ana medali 6 za dhahabu za Olimpiki, na fohandi yake imejengwa juu ya Hurricane. Lakini sponji za timu ya taifa ya China si zile za pakiti ya kawaida dukani, na ule mkono umefanya mazoezi ya kutwa tangu utotoni. Wengine wakiona Hurricane yao imekuwa kama ubao, wanaipaka mafuta ya kulainisha sponji. Sheria ya ITTF iko wazi: raba itumike bila kutiwa dawa wala kufanyiwa chochote. Ukienda mashindano rasmi na raba iliyopakwa, unajitafutia balaa.

Pia usinunue raba mbili zinazofanana kwa sababu tu ziko kwenye picha moja. Fohandi ina nafasi ya kuvuta mkono na kuzungusha mwili. Bekhandi ni mkono mfupi, mara nyingi ukiwa umebanwa mezani. Ndiyo maana wengi huweka raba ngumu au ya kunata kwa fohandi, na laini yenye springi kwa bekhandi. Unene nao si cheo. Kama unazuia sana, sponji ya milimita 1.9 inaweza kukuletea pointi nyingi kuliko ile nene kabisa. Na pima uzito: raba moja ngumu ikishakatwa hufika gramu 50 hivi. Ukiweka mbili kama hizo, bega na kifundo cha mkono vitakwambia kabla ya kocha.

Ukiamua kubadilisha, badilisha upande mmoja tu. Ukibadilisha pande zote mbili na ubao kwa mpigo, mchezo ukiharibika hutajua wa kulaumu ni nani. Ipe wiki mbili. Weka simu irekodi mechi, kisha hesabu mipira mitatu ya kwanza ya kila pointi: sevu, kurudisha sevu, na shambulizi la kwanza. Ile smashi moja tamu ya mazoezini haihesabiki. Kama mipira hiyo mitatu inaingia zaidi ya zamani, raba imekubali. Kama umeanza kupunguza nguvu ndiyo mpira uingie, ni kubwa kwako.

Unaponunua, angalia sehemu ya chini ya ngozi. Raba iliyoidhinishwa ina nembo ya ITTF na namba yake. Ifananishe na orodha ya ITTF, ambayo iko mtandaoni bure. Upande mmoja wa raketi lazima uwe mweusi, na wa pili rangi nyingine ing'aayo. Tangu Oktoba 2021 si lazima iwe nyekundu.

Mwisho, kabla ya kutoa hata shilingi, panguza raba uliyonayo kwa maji kidogo, iache ikauke, kisha piga sevu kumi. Mpira ukiteleza bado, pengine shida si aina ya raba. Imezeeka tu. Nunua ile ile ikiwa mpya, ifunike kila ukimaliza kucheza ili vumbi na jua visiile, halafu chenji inayobaki ilipie saa za meza na kocha. Hizo ndizo zitakupa mkono wa kustahili raba ngumu mwaka ujao.