Mstari Mwekundu wa Kipimo cha Haraka

Mgonjwa mwenye homa anapopimwa malaria kwa kipimo cha haraka, tone la damu yake huwekwa kwenye kipande cha plastiki, hudondoshewa dawa ya kipimo, na baada ya dakika chache mistari myekundu hujitokeza. Wengi hudhani kuwa wekundu huo ni wa damu. Sivyo. Aliyewahi kupima mimba kwa mkojo, ambao hauna damu, huenda ameuona wekundu uleule. Vipimo vingi vya aina hii huandika majibu yake kwa dhahabu.

Dhahabu tunayoijua, ile ya Geita au ya pete ya ndoa, ni ya njano. Ikisagwa hadi chembe zake ziwe na upana wa nanomita 40 hivi, rangi hubadilika. Chembe zipatazo 2,000 zikipangwa foleni ndipo hukaribia unene wa unywele mmoja. Chembe ndogo kiasi hicho humeza sehemu ya kijani ya mwanga, na jicho letu huona wekundu. Michael Faraday alilieleza jambo hilo jijini London mwaka 1857. (Muuzaji akisifu kipimo chake kwa kuwa "kina dhahabu", ajue kwamba hata cha bei ndogo huwa nayo, na hakuna atakayetajirika kwa kuikwangua.)

Ndani ya kipimo cha malaria, chembe hizo hubeba kingamwili zinazoishika protini ya kimelea. Zilizoipata hunaswa kwenye mstari wa T; nyingine husonga hadi mstari wa C. Kwa hiyo C huthibitisha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipojitokeza, kipimo kimeharibika, hata kama T inaonekana.

Mkanganyiko mkubwa huletwa na mstari hafifu. Mstari wa T uliofifia, ukisomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelezo, unahesabiwa kuwa vimelea vimeonekana. Ufifi wake haumaanishi kwamba ugonjwa ni mdogo. Uliojitokeza baada ya muda huo usihesabiwe. Tena, vipimo vingi vya malaria hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyemaliza dozi, akapimwa tena na kuona mstari, asikimbilie kununua dozi ya pili. Akiwa bado anaumwa arudi zahanati, kwa kuwa hadubini huviona vimelea vyenyewe.

Ili mstari hafifu usomeke kwa urahisi, watafiti huivika dhahabu ganda la metali nyingine. Platinamu huchochea kemikali itoe rangi nzito zaidi. Ganda la fedha linapokua, rangi huhama kutoka nyekundu kwenda ya chungwa, kisha njano. Kemikali inayoila fedha hiyo, kama vile haidrojeni peroksaidi, huirudisha kuelekea wekundu. Hivyo rangi yenyewe hutoa habari ya kemikali iliyopo. Ubunifu huo unavutia, lakini ganda la metali halikiokoi kipimo kilichotunzwa vibaya.

Kingamwili huharibiwa na joto na unyevu, ilhali dhahabu hubaki salama na rangi yake kudanganya macho. Kipimo kinachosafirishwa kutoka Kilosa mjini hadi Lumuma kwenye boksi la pikipiki juani kinaweza kuharibika kabla hakijafunguliwa. Kabla ya kununua cha mimba, soma kiwango cha juu cha joto kwenye pakiti, tarehe ya mwisho ya matumizi, na uhakikishe mfuko haujatoboka. Kifungue pale tu unapokuwa tayari kupima. Ukitilia shaka ubora wake, usikitupe pakiti yake: namba ya toleo iliyoandikwa hapo ndiyo itakayoiwezesha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kufuatilia kilikotoka.